Rezista za Vololona Juu ya Shanga za Kauri

Kabla hajashika chuma cha lehemu, Vololona alikuwa mdarizi. Kwetu Antsirabe wadarizi ni wengi, lakini mkono wake ulijulikana. Alishona vitambaa vya meza vyenye maua ya zambarau na ng'ombe wadogo wenye nundu, na ukikigeuza kitambaa upande wa chini hukuona fundo hata moja. Hilo ndilo alilojivunia. Alikuwa akisema mbele kila mtu anaweza kupapamba. Kazi itazame mgongoni. Mumewe alifariki mapema na hawakujaliwa mtoto, basi alirudi kuishi na mama yake katika nyumba ya matofali mekundu nyuma ya soko la mboga. Watu walimzoea hivyo: mwanamke mwembamba, kofia ya majani, kikapu mkononi, mwendo wa haraka kwa sababu ya baridi yetu.

Wageni walipopungua mjini, vitambaa vilikosa wanunuzi, na mimi ndiye niliyemwita karakanani. Jina langu Nivo. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha waya wa koili, na meza iliyotazamana na yangu ilikuwa haina mtu. Bwana Rabemanana, mwenye karakana, alitengeneza masanduku ya kudhibiti umeme wa mitambo midogo ya maji, ile inayofungwa kwenye vijito vya milimani ili kijiji kipate taa na mashine ya kukoboa mpunga. Maji yanausukuma mtambo vilevile saa zote, watu wawashe taa au wazime. Umeme usiotumika lazima upewe pa kwenda, la sivyo taa zilizowashwa zitaungua zote. Kazi ya sanduku ni kuupeleka huo uliozidi kwenye pipa la maji, ukayachemshe maji hayo badala ya kuharibu vitu.

Ndani ya sanduku kuna bodi, na juu ya bodi, pamoja na vidude vingine vingi, kuna rezista nne nyeupe, kila moja kubwa kama kidole cha mtoto. Zinapunguza nguvu ya umeme kabla haujafika kwenye vidude dhaifu, na zinaipunguza kwa kuigeuza joto. Sanduku likiwa kazini, rezista hizo huwa moto kama chungu kilichoipuliwa sasa hivi.

Vololona alijifunza upesi kuliko sisi wote. Lehemu yake ilikaa kama tone la umande, yaani ndogo, inang'aa, bila kumwagika pembeni. Bwana Rabemanana alimwonyesha kila kitu mwenyewe, naye ni mtu wa kufundisha polepole, anayerudia jambo bila kukunja uso. Kuhusu rezista zile nne alimwambia zisilale juu ya bodi. Ziinuliwe, hewa ipite chini yake, maana bodi ni karatasi na gundi tu, haivumilii moto.

Vololona aliziinua kwenye bodi ya kwanza. Mimi nilimwona akiitazama, akageuza kichwa huku na kule, kama mtu anayetazama picha iliyotundikwa upande. Rezista zilisimama kwenye vijiti vyao vyembamba, moja juu, moja chini kidogo, moja imeinama. Vitu vingine vyote kwenye bodi vilikuwa vimelala kwa adabu. Akatumia kidole gumba, akazibonyeza zote nne mpaka zikagusa bodi, akazitia lehemu. Bodi ikapendeza kweli. Bwana Rabemanana alirudi jioni, na sanduku lilikuwa linangojewa, kwa hiyo lilikaguliwa harakaharaka, likafungwa likaondoka kwenda kijiji kimoja kinachoitwa Ambohidrano, mbali huko magharibi ambako lori la karoti hufika kwa shida.

Sanduku lilifanya kazi msimu mzima wa mvua. Kisha, mavuno ya mpunga yalipoanza, dereva wa lori la karoti aliingia karakanani na kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake ilikuwa bodi ya Vololona. Chini ya rezista palikuwa peusi kama sufuria ya mkaa. Lehemu ilikuwa imeyeyuka, rezista mbili zimechomoka zenyewe, na kapasita, kile kidude cha kuhifadhi umeme, iliyokaa jirani yao ilikuwa imevimba tumbo. Hapakuwa na barua. Dereva alisema tu kwamba watu wa Ambohidrano wanasalimia, na kwamba wanakaa gizani na wanatwanga mpunga kwa mkono.

Bwana Rabemanana aliiweka bodi mezani mbele ya Vololona, akavuta kiti, akakaa.

"Nilikwambia uziinue, mama."

"Uliniambia," alisema Vololona. "Niliona zinachukiza."

Nilitegemea agombe, na nadhani Vololona alitegemea hivyo pia, kwa sababu alikuwa ameshafunga kikapu chake. Lakini alichosema Bwana Rabemanana ni kwamba kosa moja lilikuwa lake: alikagua waya, akakagua maandishi ya sandukuni, bodi yenyewe hakuitazama kwa sababu ilitoka mkononi mwa Vololona. Kisha akasema mkewe yuko karibu kujifungua na hawezi kusafiri, na akauliza nani ataipeleka bodi mpya.

"Nitaipeleka mimi," Vololona alisema. "Wanione."

Nikasema nitakwenda naye. Sikutaka aende peke yake kusemwa na kijiji kizima.

Akatengeneza bodi mpya, rezista zikiwa juu kabisa, hewa tele chini yake. Bwana Rabemanana akampa na bodi ya akiba ambayo ilikuwa imekamilika isipokuwa rezista, pamoja na rezista nyingine ndani ya mfuko wa kitambaa. Tukapanda lori la karoti lililokuwa likirudi tupu. Mvua zilikuwa zimeisha juzijuzi na barabara ilikuwa mashimo matupu. Tulirushwa kule nyuma kama maharage kwenye ungo. Vololona aliifunga bodi kwenye shali yake akaipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Lori liliposhindwa, tukashuka tukatembea kwenye kingo za mashamba ya mpunga, viatu mkononi.

Kabla hatujakiona kijiji tulisikia michi. Kila ua ulikuwa na kinu chake na wanawake wanatwanga wawili wawili, watatu watatu. Sauti ile ningeweza kuifurahia siku nyingine. Vololona aliisikiliza akiwa amesimama, halafu akaendelea mbele.

Aliyetupokea kwenye nyumba ya mtambo aliitwa Ratsimba. Ndiye mtunzaji wa mtambo na mashine ya kukoboa, mtu mrefu mwenye mvi za mapema na ulimi mkali. Mkewe alikwisha rudi kwao zamani, na kijiji kilisema aliondoka kwa kuchoka kutaniwa. Ratsimba alitutazama miguu yenye matope mpaka magotini.

"Sasa, kina dada, kati yenu ni nani aliyetulaza gizani?"

Mimi nilianza kutafuta maneno ya kuzunguka. Vololona hakunipa nafasi.

"Ni mimi, kaka."

"Basi karibu," alisema Ratsimba. "Wengi wanaotuharibia huwa hatuwaoni tena."

Wakati Ratsimba akifungua sanduku, mwanamke mmoja wa ua wa jirani, Mama Fanja, alituletea maji ya ukoko, yale yanayochemshiwa kwenye sufuria iliyopikiwa wali, yakiwa bado ya moto. Tulipopokea vikombe tuliona viganja vyake. Vilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka. Alipoona tunatazama alivificha kwenye kanga yake, akacheka, akasema mashine iliwazoesha vibaya, mikono imesahau kazi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Nafikiri kama angekuwa na hasira, Vololona angepata pa kushika.

Vololona alifungua shali. Rezista moja ilikuwa inaning'inia kwa mguu mmoja. Kutikiswa kwa safari kuliiyumbayumbisha kwenye miguu yake mirefu mpaka ikang'oa lehemu pamoja na utepe wa shaba wa bodi. Nyingine ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Bodi hiyo haikuwa na kazi tena.

Ratsimba aliinama juu yake. "Imefika imevunjika mguu."

"Hata mimi nimeshuka kwenye lori lile hivyohivyo," alisema Vololona.

Ratsimba akacheka, na Vololona naye akacheka, kidogo, kama mtu asiye na uhakika kama anaruhusiwa. Halafu akakaa juu ya gunia la pumba akiigeuzageuza bodi. Nilimfahamu, nilijua anashona kichwani. Rezista zikilala, zinaunguza bodi. Zikisimama kwenye miguu mirefu bila kushikwa, zinang'oka. Sanduku lenyewe linakaa humu ndani karibu na mashine ya kukoboa, ambayo ikinguruma hata ukuta unatetemeka. Alihitaji kitu cha kuzishika juu, kitu kisichoungua.

Alimuuliza Ratsimba kama kuna udongo wa mfinyanzi. Ratsimba alisema upo, lakini utakauka lini? Vipi vigae? Havina tundu. Mbao zingeungua. Wakaendelea hivyo, huyu anataja, yule anakataa, mpaka Mama Fanja akatuita tukale. Tulikula wali na mboga za majani na vipande vya nyama iliyokaushwa. Baada ya kula Vololona alikwenda uani akauchukua mchi kutoka kwa mwanamke mmoja bila kuomba, akaanza kutwanga. Mimi nikashika wa pili. Wanawake walimwacha. Mmoja alisema mgeni hatwangishwi, Mama Fanja akamwambia amwache, huyu si mgeni, ana deni na kinu. Alisema hivyo kwa kutania, lakini Vololona aliitikia kwa kichwa, kwa dhati.

Alitwanga mpaka jua lilipoanza kushuka. Mikono ya mdarizi ni laini. Sikumwambia apumzike.

Ratsimba alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya mtambo akitutazama, halafu akaingia ndani, tukasikia anapekua makopo. Akatoka na kopo la maziwa ya unga, lenye kutu, akamimina vilivyomo juu ya mkeka. Zilikuwa shanga za kauri, nyeupe, nene, zenye tundu katikati. Zilibaki tangu walipofunga waya wa kuchemshia maji ndani ya pipa. Waya ule ulikuwa umevishwa shanga hizo ili usiguse chuma. Alikuwa amezihifadhi kwa sababu, alisema, hawezi kutupa kitu kizuri.

Vololona aliweka mchi chini. Akachukua shanga moja, akaipitisha kwenye mguu wa rezista. Ikaingia. Akaongeza nyingine upande wa pili. Akaisimamisha rezista juu ya bodi ya akiba, na ikasimama juu ya shanga zake kama nyumba juu ya nguzo, imara, sawa kabisa pande zote mbili, na chini yake nafasi ya kidole.

"Kaka," alisema, "una chuma cha lehemu?"

Cha umeme hakuna ambacho kingefanya kazi, maana umeme wenyewe ndio huo tuliokuwa tunautafuta. Lakini Ratsimba alikuwa na chuma cha zamani cha kuzibia mabeseni, kipande kizito cha shaba chenye mpini wa mti. Tukakiweka kwenye jiko la mkaa. Mimi nilipepea moto, Ratsimba akashika bodi kwa vidole viwili, Vololona akafanya kazi. Chuma kilipoa upesi, ikabidi tukirudishe jikoni kila baada ya tone moja au mawili. Na safari hii alifanya jambo ambalo karakanani hakuwahi kulifanya: kabla ya kutia lehemu aliikunja miguu ya rezista upande wa chini wa bodi, ikalala juu ya shaba na kuibana. Akaeleza huku akifanya, si kwa majivuno bali kwa kujisikilizia mwenyewe, kwamba hata joto likilainisha lehemu, rezista haitadondoka, itakuwa imejishikilia yenyewe. Na kapasita iliyokuwa jirani akaihamisha kwa waya mfupi mpaka pembeni, mbali na joto.

Alipomaliza aliigeuza bodi akaitazama mgongoni, kama kawaida yake. Kisha akaigeuza tena. Rezista nne zilikuwa zimekaa safu moja juu ya shanga nyeupe, zote kimo kimoja.

"Ni nzuri," alisema Ratsimba, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kuwa na utani wa kuongeza.

Asubuhi yake, ukungu ulipokuwa bado umelala juu ya mashamba, Ratsimba alifungua lango la maji. Mtambo ukaanza kuvuma chini kule kijitoni. Taa moja iliyo juu ya mlango iliwaka nyekundu, ikawa ya manjano, ikatulia nyeupe. Watu walikuwa wamekusanyika na magunia yao. Walitazama taa, kisha wakamtazama Vololona, kana kwamba wanangoja ruhusa. Yeye hakuitazama taa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lililo wazi, kiganja chake kikiwa mbali kidogo na rezista, anausikia moto wake. Alikaa hivyo mpaka Ratsimba alipoiwasha mashine ya kukoboa na nyumba nzima ikatetemeka. Rezista hazikutikisika. Baadaye wakazima kila kitu ili aguse chini ya bodi. Alisema ni vuguvugu tu, kama shati lililovuliwa sasa hivi. Hapo ndipo aliposimama na kutikisa vumbi kwenye sketi yake, na Mama Fanja akawa wa kwanza kuleta gunia.

Tulitakiwa kurudi siku iliyofuata. Lori halikuja, wala la baada yake. Nasema halikuja; Ratsimba alitwambia halikuja, na sisi hatukwenda barabarani kuhakikisha. Vololona alikaa siku zile kwenye nyumba ya mtambo akichunguza joto, akisogeza hiki na kile, akitoboa matundu zaidi kwenye kifuniko cha sanduku ili hewa ya moto itoke juu. Ratsimba alimtania kutwa nzima na yeye alimjibu. Nilikuwa sijamsikia akizungumza kiasi kile tangu tulipofahamiana. Mama Fanja alininong'oneza kwamba yule mke wa kwanza alikuwa hajibu. Alikuwa analia tu.

Mjini, Bwana Rabemanana alisikiliza habari yote huku amempakata mtoto wake mchanga. Alisema shanga za namna hiyo aliziona ndani ya redio za zamani za kigeni alipokuwa anajifunza kazi, akazitafuta madukani kwa miaka, akakata tamaa. Akaandika kuziagiza kutoka kwa wanaouza vifaa vya majiko ya umeme Antananarivo. Tangu hapo kila sanduku letu lilitoka likiwa na rezista juu ya shanga, miguu imekunjwa chini, na bodi yenyewe ikachorwa upya ili kapasita zikae upande wa baridi. Bwana Rabemanana na Vololona waliichora pamoja, wakabishana sana juu yake, kwa heshima.

Ratsimba alianza kuja mjini. Mara kashikwa na haja ya skrubu, mara ya waya, mara ya kuuliza swali ambalo dereva wa lori angeweza kulileta. Alikuja na mchele mpya, na siku moja alikuja na samaki wa kijitoni waliovundishwa na safari, tukalazimika kuwafukia. Mama yake Vololona, aliyekuwa akiwaogopa wanaume wote wenye mdomo, alimsikiliza jioni mbili akasema angalau huyu anajua kunyamaza akila. Wakaoana mwaka uleule baada ya mavuno ya viazi. Kijiji kilikuja kwa lori la karoti, safari hii limejaa watu, na Mama Fanja akatoa hotuba ndefu kuhusu vinu ambayo watu wa mjini hawakuielewa.

Nilidhani tutampoteza kazini. Bwana Rabemanana alidhani hivyo pia, akawa na huzuni ya wazi. Lakini Vololona alihamisha meza yake, si kazi yake. Bodi zinamfikia kwa lori zikiwa tupu na zinarudi zimekamilika, na zikitaka kujaribiwa anazijaribu palepale, kwenye mtambo wa kweli, kando ya mashine inayotikisa ukuta. Bwana Rabemanana anasema bodi iliyopita Ambohidrano haina haja ya kukaguliwa, kisha anaikagua.

Nilikwenda kumwona msimu uliopita. Amenenepa kidogo. Mama yake naye amehamia huko na anagombana na Ratsimba kuhusu kila kitu, nao wote wawili wanaonekana wamepata walichokuwa wanakikosa. Nilimkuta Vololona ameketi kwenye mwanga wa dirisha, miwani puani, anapanga rezista kwa safu, na kuku watatu wamelala juu ya sanduku la kudhibiti, pale hewa ya joto inapotokea. Ratsimba alikuwa amepigilia kibao juu ya matundu, na pengo la kutosha chini yake kwa hewa, ili manyoya na kinyesi visiingie ndani. Nikauliza kwa nini wasiwafukuze tu.

"Wafukuze wewe," Vololona alisema. "Mimi nimeshindwa. Halafu baridi hii, nao wana haki."

Akaniambia nisogeze gunia nikae, wali unakaribia kuiva, na kwamba lori haliji kesho. Sikwenda barabarani kuhakikisha.